Hadithi za Mchana

Ninyi vijana mlioajiriwa juzi kufanya kazi makambini, mlikuja kwangu na soda mbili na swali moja: ni hadithi gani inafaa kumsimulia mtu aliyepoteza kila kitu? Soda nimezinywa. Swali limenishinda, ndiyo maana nawaandikia. Uso kwa uso mngeanza kunisikitikia, na mimi sipendi kusikitikiwa nikiwa nimekalia kiti changu mwenyewe.

Kwanza mjue mnamuuliza nani. Nimezaliwa Kibondo, nimesoma Kibondo mpaka kidato cha nne, nimeoa Kibondo, na Mungu akipenda nitazikwa hapahapa nyuma ya migomba. Kasulu nilikuwa nakwenda kwa sababu ya kazi tu, na kila nilipolala huko niliamka na shingo iliyopinda. Dar es Salaam naisikia redioni na inanitosha. Siku niliyomwambia mke wangu, Mama Elia, kwamba nimepata kazi ya kuwafundisha wakimbizi kustahimili, aliweka chini ungo wa maharage akanitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Wewe?" akasema. "Wewe unayeshindwa kwenda Kakonko kumsalimia shemeji yako kwa sababu ya vumbi? Ndiyo ukawafundishe kuvumilia watu waliovuka mto Malagarasi na watoto mgongoni?"

Nikamwambia ni kazi ya kusimulia hadithi tu.

"Haya, hadithi utaweza. Mimi mwenyewe umenisimulia nyingi, na bado naingoja hiyo nyumba ya bati."

Shirika lilinichukua kwa sababu ya lugha. Kiha chetu na Kirundi chao ni majirani wa ukuta mmoja. Mtu wa kambi ya Nduta akisema na mimi nikisema, hatuhitaji mkalimani. Cheo changu kiliitwa mwezeshaji. Kazi ilikuwa kukaa na kikundi kwenye banda la turubai, kusimulia hadithi fupi yenye somo, kisha kuwauliza wamejifunza nini na wataitumiaje kujijenga. Tulikuwa na mwongozo ulioletwa kutoka mbali, wenye picha nzuri. Hadithi ya kwanza ndani yake ilimhusu mtu aliyepanda mlima wa theluji, akateleza, akapanda tena, akateleza, akafika kileleni. Niliisimulia Nduta wiki ambayo mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa tena. Nilichukua muda mrefu kueleza theluji ni nini: nyeupe, inaanguka kutoka juu, inajaza milima. Wakanisikiliza kwa umakini ambao sijawahi kuupata tena. Nilipomaliza mama mmoja akainua mkono.

"Hiyo theluji, Mwarimu, inasongwa au inachemshwa?"

Basi somo letu la siku ile lilikuwa hilo. Na ninyi lishikeni: msisimulie chochote siku ya mgao, wala siku moja kabla yake. Kabla ya mgao kila hadithi ni ya chakula hata ukiweka mawe ndani. Siku yenyewe hakuna mtu bandani isipokuwa wazee wasioweza kupanga foleni, na hao wanakuja kwa ajili ya kivuli.

Mambo mengine nilijifunza kwa kuaibika. Msikae kwenye kiti wenzenu wakiwa kwenye mikeka. Msiwahi kwenye hadithi kabla salamu hazijakamilika. Kwetu Uha na kwao Burundi salamu ni kazi, zina makofi yake na maswali yake, mvua imenyesha, mtoto ameamkaje, kuni zimepatikana, na ukizikatisha kwa sababu saa yako inakimbia, basi watakuacha ukimbie na saa yako. Na muwe waangalifu na wanyama. Siku moja niliwagombanisha wanyama warefu na wanyama wafupi kwenye kisima, nikaona banda zima limetazama chini. Kwao Burundi watu wameshauana kwa kuitwa warefu na wafupi. Sikurudia, wala sikuuliza.

Aliyenifundisha kazi hakuwa bosi. Alikuwa mwanamke wa Kikongo wa kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, aliyekuwa akifanya kazi ya kujitolea kwenye vikundi vya akina mama. Wote walimwita Maman Furaha, na aliuza mandazi mlangoni pa banda lake huku akisuluhisha ugomvi wa majirani, bila kuacha kugeuza mandazi. Nilipelekwa kwake kujifunza. Siku ya kwanza akanipa kikundi nisimulie, nikasimulia ile ya mbegu: ilianguka juu ya mwamba, haikukata tamaa, ikajipenyeza kwenye ufa, ikawa mti mkubwa. Niliipamba kweli. Nilipofika mwisho mzee mmoja akauliza, "Na ule mwamba, nani aliuweka pale?" Nikamwambia mwamba ulikuwapo tu. Akatikisa kichwa, akasema mwamba hauji peke yake, akaondoka.

Maman Furaha akasubiri wote watawanyike.

"Mwalimu," akasema, "weye ulikimbiaka fasi gani?"

Nikamwambia sijawahi kukimbia kutoka mahali popote.

"Ata siku moja?"

Nikafikiri. "Labda nyuki. Nilikwenda na baba mkwe kurina asali, wakatutoka. Nilikimbia mpaka nikaacha suruali kwenye mti wa miiba."

Alicheka mpaka mandazi yakaungua, na hilo kwake halikuwa jambo dogo. "Basi anza na ile nyuki," akasema. "Ile mbegu yako, uache kwanza. Batu bakuone bila suruali. Kisha utabaambia bintu bya kuvumilia."

Tangu siku ile kila kikundi kipya nilikianza na nyuki. Watu walicheka, na mtu akishakuona bila suruali hawezi kukuchukulia kama mtu aliyetumwa kumpima. Hiyo ndiyo mbinu yangu bora kuliko zote, na mwongozoni haimo. Maman Furaha naye alichekesha watu miaka yote ile, na aliingoja safari yake ya kuhamia ng'ambo, nchi ya tatu kama wanavyoiita, miaka yote ileile. Kila mara alihojiwa upya, akaambiwa asubiri. Nilipomuuliza hadithi gani anajisimulia mwenyewe, alisema yeye hajisimulii, yeye anakaanga.

Kuhusu lile swali la mwisho, "mmejifunza nini", nawaomba mlipunguze. Watu wa kambini wamehudhuria mafunzo mengi kuliko ninyi. Wanajua jibu linalokufurahisha. Mimi nilikuwa sijamaliza kuuliza, kikundi kizima kinaitikia kama shuleni, "Tusikate tamaa!" Siku moja, kwa uchovu, niliwasimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyokula shati langu lililoanikwa. Haikuwa na somo, ilikuwa habari ya mbuzi. Nikasahau nikauliza, mmejifunza nini? "Tusikate tamaa!" Hamisi, dereva wetu, Mwislamu wa Ujiji mwenye ulimi wa wembe, alikuwa amesimama nje ya banda. Njia nzima ya kurudi mjini alinichokoza: "Mzee Hadithi, hata mbuzi naye asikate tamaa, bado una suruali."

Halafu wakaja wenzenu na vishikwambi. Hadithi zikawekwa kwenye spika, sauti nzuri ya mtu wa Dar, na baada ya hadithi kila mtu anaulizwa: kwa kipimo cha moja hadi tano, una matumaini kiasi gani? Nilimsikia bibi mmoja akimuuliza kijana, "Mwanangu, wewe wanataka uandike ngapi?" Kijana akatazama kishikwambi chake. Bibi akasema, "Basi andika hiyo, usije ukafukuzwa kazi."

Nacheka nikiandika, lakini msije mkadhani nilikuwa nikicheka muda wote. Nilikuwa nikirudi nyumbani nakaa chini ya baraza langu, Mama Elia ananiwekea uji, naunyanyua, nauweka chini. Neno lile, ustahimilivu, lilianza kunikaa kooni kama mwiba wa dagaa. Angalieni linavyofanya kazi. Mtu akiwa hana ustahimilivu, sisi tuna tatizo: inabidi tumtoe alipo, tumpe ardhi, tumpe ruhusa ya kutoka nje, tumtafutie ndugu yake. Akiwa nao, tunapumua. Tunamwacha palepale alipo tukimsifu. Nimewasifu watu wengi sana kwa namna hiyo.

Sasa niwaambie kuhusu Leokadia, maana ndiye jibu la swali lenu, kama ni jibu.

Leokadia alikuwa Mrundi wa kambi ya Mtendeli, wakati Mtendeli bado ipo. Mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye kusikiliza kwa kuinamisha kichwa upande mmoja. Hakukosa kikundi hata mara moja. Alikaa daima karibu na nguzo ya mlangoni, na kila hadithi ilipokaribia mwisho, pale ambapo mnyama ameanza kupata nafuu na somo limechungulia, alinyanyuka, akajifunga kitenge vizuri, akatoka. Hakurudi mpaka majadiliano yaanze.

Nikaamua ana shida ya kibofu. Tena nikajiona mwerevu, nikamdokeza muuguzi wa zahanati ya kambi amwangalie kwa siri. Muuguzi akamwita. Wiki iliyofuata Leokadia alinisubiri nje ya banda kabla ya salamu.

"Mwarimu, nani alikuambia mimi ni mgonjwa?"

"Samahani, mama. Nilikuona unatoka kila mara."

"Oya, hapana, sitoki kwa ugonjwa. Natoka kwa ajili ya mwanangu." Akatazama kama kuna anayesikiliza. "Kwenu Uha hamna bibi? Hakukukataza?"

Hapo nikashikwa na aibu, maana bibi nilikuwa naye, na alinikataza vizuri kabisa. Kwetu hadithi ni ya jioni. Ng'ombe wameingia, watoto wameingia, aliyekwenda sokoni amerudi, mlango umefungwa, ndipo mtu anaanza. Kumaliza hadithi ni kama kukaza ule mlango. Ndiyo sababu ikiisha wasikilizaji wanapiga makofi na kusema pamoja: na iishe hadithi, tusiishe sisi. Ukiimaliza mchana, unafunga mlango wakati watu bado wako njiani. Bibi alisema aliye nje atafika, atakuta pamefungwa, atapita. Mimi Muha wa Kibondo, niliyelelewa na maneno hayo, nilikuwa nafunga milango ya watu saa nne asubuhi kila Jumanne na Alhamisi, kwa sababu ndizo saa gari la shirika lilikuwapo.

Mwanawe aliitwa Dezire. Walivuka naye mto, wakafika naye Mtendeli, akaishi naye pale. Kisha mgao ulipopungua alianza kutoroka kambini kwenda kutafuta kibarua cha kulima kwenye vijiji vya jirani, kama vijana wengi. Asubuhi moja alitoka na jembe la kuazima, akasema atarudi na mihogo. Hakurudi. Polisi hawakuwa naye, hospitali haikuwa naye, waliotoka naye walisema waliachana kwenye njia panda.

"Alitoka mchana," Leokadia akaniambia. "Kwangu mimi bado ni mchana, Mwarimu. Hadithi zako nazipenda. Mwisho wake kaa nao."

Nilijaribu kurekebisha. Nikamwomba bosi tuhamishie vikundi jioni. Haikuwezekana, magari yote lazima yawe nje ya kambi kabla ya saa kumi. Nikamwomba basi nisimalize hadithi. Akasema kwa upole kabisa kwamba somo liko mwishoni, na hadithi isiyo na mwisho haijengi mtu. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Moshi.

Kwa hiyo mimi na Leokadia tukapatana. Nikikaribia mwisho nitakohoa, naye atatoka. Wiki mbili tatu ikaenda vizuri. Halafu nikaona nikikohoa anatoka yeye na mwingine. Kisha wanne. Habari ilikuwa imezunguka. Kabla mwezi haujaisha, nikikohoa nusu ya banda inanyanyuka, wanawake wanajifunga vitenge, wanaume wanakung'uta suruali, wanatoka kimya wanasimama kwenye jua huko nje wakitazama barabara. Mimi nabaki na watoto na wazee wawili waliolala, nawamalizia wao. Sikuwa nimewahi kujua ni wangapi wanaomngoja mtu. Hakuna kishikwambi kilichowahi kuniambia hilo, kikohozi kiliniambia.

Bosi aliuliza kwa nini watu wangu wanaondoka kabla ya somo. Nikasema wana vibofu.

Kwa ajili ya watu hao nikatunga hadithi yangu mwenyewe, ya kwanza na ya mwisho maishani. Pongo jike, yule swala wa vichakani, alikuwa na mtoto. Moto wa nyika ukaja kati yao, mtoto akakimbilia upande huu, mama upande ule. Moto ukazima, nyika ikawa nyeusi, harufu zote zikaungua, hakuna njia ya kunusa. Mama akaenda kumuuliza kobe, akamuuliza mto, akakiuliza kichuguu. Wakaipenda. Kila wiki walitaka hiyohiyo, na Leokadia alinisahihisha.

"Usiseme pongo alikuwa analia. Sema alikuwa anatazama."

"Haya, alikuwa anatazama."

"Na asiulize mto. Mto hausemi ukweli."

"Aulize nani sasa?"

"Aulize wanaolima. Wao wanaona wanaopita."

Nikaondoa mto. Kila wiki pongo alifika kwa wanaolima, mimi nikakohoa, banda likatoka.

Ndipo ikaja habari kwamba Mtendeli inafungwa. Watu watahamishiwa Nduta, au warudi kwao. Wengi walilia, wengine walibeba milango yao. Leokadia alikaa mbele ya kibanda chake, hakufunga hata sufuria. Dezire alijua sehemu moja tu katika nchi hii yote, na sehemu hiyo ilikuwa pale. Malori yalipakia majirani wa safu yake, yakaondoka, yakarudi, yeye bado amekaa. Bosi akaniita. "Wewe anakusikiliza," akasema. "Mtafutie mfano mzuri."

Nilikwenda nikakaa chini karibu naye. Sikuwa na mfano. Nilikuwa na mwongozo mzima kichwani, theluji na mbegu na vyote, na hakuna hata kimoja ambacho ningeweza kukitoa mdomoni mbele ya mwanamke yule bila kuona haya. Nikamwambia tu, "Mama, mimi naishi hapa. Wewe huruhusiwi kwenda vijijini, mimi naruhusiwa. Nitamtafuta."

Akainamisha kichwa upande. "Wewe usiyependa vumbi?"

Kumbe nilikuwa nimewasimulia na hilo.

Akasimama. Alichukua kipande cha mkaa akaandika ukutani, kwa herufi kubwa, jina la mwanawe na kwamba mama yuko Nduta. Akapanda lori. Na mimi nikatimiza. Kila Jumamosi nilipanda baiskeli nikaenda vijiji vya upande ule, Mama Elia akinisindikiza kwa macho hadi kwenye kona kana kwamba amebadilishiwa mume. Nikawauliza wanaolima. Kijana Mrundi, ana kovu juu ya jicho, anacheka kabla hajaanza kusema. Walinijibu vizuri, walinipa maji, wengine walinipa mahindi ya kuchoma. Vijana wa namna hiyo, walisema, walipita wengi. Wengi mno. Wakati mwingine waliniuliza mimi ni nani yake, nikapanda baiskeli. Siku moja nilipita Mtendeli yenyewe. Vibanda vilikuwa vimebomolewa, kuta zimelala, mvua imeshafanya kazi yake juu ya udongo.

Kule Nduta nilimpa taarifa kila wiki. Hapana, mama. Bado, mama. Alikuwa akisema "ego" tu, yaani ndiyo, kisha anakwenda kukaa karibu na mlango wa banda jipya. Nikikohoa anatoka. Mambo ya Nduta nayo yalizidi kubana. Masoko yalifungwa, baiskeli zikakatazwa, kila mwezi watu walitangaziwa kwamba kwao kumetulia. Mabasi ya kurudi Burundi yalianza kujaa. Wapo waliorudi kwa kupenda. Wapo waliorudi kama mtu anayeondoka mezani kwa sababu sahani imeshaondolewa.

Mradi wetu wenyewe ulikuwa unaelekea mwisho. Watu wanasema nimestaafu. Ukweli ni kwamba mradi ulistaafu, mimi nikafuata. Lakini kabla ya hapo palikuwa na Alhamisi moja. Niliingia bandani, tukamaliza salamu, wakaomba ya pongo kama kawaida. Nikaanza. Ndipo nikamwona Leokadia amekaa mbele kabisa, katikati, mkeka wake umeukaribia mguu wangu.

Moto ukaja, nyika ikaungua, pongo akasimama anatazama. Akamuuliza kobe. Akakiuliza kichuguu. Akafika kwa wanaolima. Nikakohoa.

Wakatoka waliozoea kutoka. Yeye hakutoka.

Nikakohoa tena. Wanawake wawili mlangoni wakageuka. "Mwarimu amepata mafua," mmoja akasema, wakacheka. Leokadia alikuwa amekunja mikono mapajani. Hakuinamisha kichwa upande; alinitazama sawasawa.

Sasa mimi nifanyeje? Nikarefusha. Wanaolima wakamwambia pongo waulize wa kijiji cha pili. Pongo akaenda kijiji cha pili. Nikamvusha kilima, nikamvusha kingine, nikamkutanisha na kanga, na nungunungu, na mchungaji kiziwi ambaye ilibidi aulizwe mara tatu. Watoto walifurahi. Wazee wakaamka. Nilimzungusha yule mnyama kila kijiji nilichopita mimi na baiskeli yangu, kwa majina, na kila mahali wakamwambia, wa namna hiyo walipita wengi. Jua likasogea. Hamisi akapiga honi huko nje mara ya kwanza. Nikatia mvua kwenye hadithi, pongo akajibanza chini ya mwamba kusubiri ikatike, na mimi nikasubiri naye. Hamisi akapiga honi ndefu.

"Mwarimu," Leokadia akasema. "Maliza."

"Bado yuko mbali, mama."

"Kesho napanda basi. Nimejiandikisha kurudi kwetu. Maliza."

Waliokuwa nje walisogea mlangoni wakabaki pale, hawakuingia, hawakuondoka. Basi nikamaliza kama nilivyokuwa nikiwamalizia watoto na wazee waliolala. Mvua ilikatika. Nyika iliyoungua ikaota majani mapya, laini, na wanyama wote wadogo wakatoka walikojificha kuja kula. Pongo akasimama juu ya kichuguu, anatazama. Katikati ya majani akaona sikio. Kisha la pili. Mtoto alikuwa amekua, lakini alimjua mama yake, akaja mbio.

Wazee wakapiga makofi, watoto wakapiga makofi, wakasema pamoja: na iishe hadithi, tusiishe sisi. Leokadia hakuitikia. Alikaa kidogo, akaanza kuukunja mkeka wake taratibu, akiyapangusa majivu ya jikoni kwenye ukingo kana kwamba ni wa kuazima.

"Kumbe huwa inaisha vizuri," akasema.